Kamera Zilizogeuzwa Shingo

Ujumbe ulimkuta Salaseini kwenye foleni ya chapati za roti, mvua ya Suva, mji mkuu wa Fiji, ikimchapa mgongoni.

"Kasa kwa Mkunga. Maiti imeamka. Walu Bay. Leo."

Aliufuta. Akatoka kwenye foleni. Hamu ya kula ilikuwa imekwisha palepale.

Kasa alikuwa Hirdesh Narayan, bosi wake, mzee mwembamba aliyeendesha ofisi ya upelelezi isiyo na kibao mlangoni. Mkunga alikuwa yeye mwenyewe, Salaseini Rokovesa.

Na maiti ilikuwa nyama.

Nyama ya mbavu za kondoo, ile ya mafuta matupu ambayo wanaochinja hawaigusi, wanawapakilia watu wa visiwani. Kontena zima lilikuja Fiji jokofu lake likiwa limezimika baharini. Lilipofunguliwa, mkaguzi wa afya alitapika juu ya viatu vyake. Amri ikatoka: ifukiwe yote. Mwenye mzigo, mfanyabiashara wa Brisbane, Australia, aitwaye Grantley Poole, aliinamisha kichwa akakubali. Akaomba jambo moja tu. Mzigo ukae kwenye ghala la baridi la Matanisiga, bandarini Walu Bay, mpaka shimo lichimbwe.

Shimo halikuchimbwa.

Kimbunga kikakipiga kisiwa cha Kadavu. Nyumba zikang'oka. Watu wakahamia madarasani. Poole akaonekana kwenye runinga amevaa shati la maua, akisema moyo wake unawalilia ndugu zake wa Kadavu, na kwamba atawapelekea nyama.

Akawapelekea.

Salaseini alifika kwenye shule ya Waidamu, hukohuko Kadavu, baada ya shehena ile ya kwanza. Aliona ndoo zimepangwa kando ya ubao wa kuandikia. Aliona akina mama wakisugua sakafu, wakitapika, wakisugua tena. Watoto wawili walikuwa wamefunikwa mkeka. Sufuria zilikuwa zimeshaoshwa, hakuna hata mfupa wa kupeleka maabara. Poole akasema ni maji machafu. Wakamwamini, kwa sababu maji kweli yalikuwa machafu.

Leo Poole alikuwa anapakia shehena ya pili.

* * *

Gari dogo la Toyota likasimama kwenye geti la Matanisiga. Salaseini akashuka amevaa ovaroli, ngazi begani. Fundi wa kamera wa siku zote alikuwa ameamka na tumbo la kuhara. Narayan alilipanga hilo kwa simu moja, na fundi akapewa likizo nzuri ya kuugulia nyumbani.

Bastola hakubeba. Fundi wa kamera akikutwa na Glock ana maelezo marefu ya kutoa.

Alibeba spana ndogo, kisikilizio sikioni chini ya kofia, na testa.

Testa ile ilikuwa ndogo kama sahani ya chai, inaning'inia shingoni kwa mkanda. Ina kioo chake na betri yake. Unachomoa waya wa mtandao kwenye kamera, unachomeka wa testa, na kamera inapata umeme na kukuonyesha inachokiona, hapohapo juu ya ngazi. Unaigeuza, unakaza skrubu, unashuka. Kila fundi wa kamera Suva anayo. Hii ya Salaseini ilikuwa na nyongeza moja. Kila ilichokionyesha, ilikirusha pia kwenye simu ya Narayan.

Harufu ilimpokea kabla ya mtu yeyote. Klorini. Klorini nyingi, kama bwawa la kuogelea la hoteli. Na chini ya klorini, kitu kingine, kitamu kidogo, kinachokaa nyuma ya ulimi.

Akameza mate. Akajuta kuyameza.

"Fundi gani huyu?" Sauti ilitoka kwenye kibanda cha geti. "Leo wametuletea bibi harusi!"

Alikuwa mtu wa kifua kipana, sulu ya bluu, kitambaa kama kikoi, kiunoni, buti za mpira miguuni. Isikeli, msimamizi wa vibarua. Salaseini alikuwa ameshaiona picha yake ofisini.

"Bibi harusi na ngazi yake," Salaseini akajibu. "Kwenu mnaoa bila ngazi? Ndiyo maana mnaishia kuoa wafupi."

Isikeli alicheka mpaka akashika ukuta. "Wewe wa wapi?"

Akamtajia kijiji cha mama yake.

"Salale! Watani!" Akapiga makofi. "Basi nimekwisha. Nyie si ndio mnakula mkia wa samaki, kichwa mnawauzia wageni?"

"Na nyie mnakula kichwa, lakini akili haiongezeki."

"Ingia, ingia, kabla hujanimaliza mbele ya vijana."

Alimbebea ngazi mwenyewe. Akamwonyesha choo kilipo. Akamwambia mchana asihangaike, kuna mihogo na samaki wa tui. Mtu mwema kabisa. Salaseini alimpenda, na kupenda huko kulimkera.

* * *

Kamera ya kwanza ilikuwa juu ya mlango wa ofisi. Akapanda. Akachomoa waya, akachomeka testa.

Picha ikaja. Safi. Nusu ya uwanja, nusu ya ukuta.

Ya pili. Safi pia. Ila ukuta ulikuwa umezidi.

Ya tatu ilikuwa inatazama matairi mabovu.

Alipofika ya tano, alikuwa ameelewa. Hakuna kamera iliyoharibiwa. Hakuna aliyeingilia mtambo. Mtu alipanda ngazi kama yake, akiwa na testa kama yake, akalegeza skrubu na kuzigeuza shingo moja baada ya nyingine. Hii kidogo kushoto. Ile kidogo juu. Ukizitazama moja moja unasema fundi alikuwa mvivu. Ukizipanga zote kichwani, unaona njia.

Njia isiyoonwa na jicho lolote. Ilianzia mlango wa nyuma wa chumba cha nyama iliyokataliwa, ikazunguka matangi, ikapinda kwenye kontena tupu, ikaishia ukingoni mwa gati. Upana wake ulitosha foklifti, kigari cha kunyanyulia mizigo.

Na gatini ilikuwa imefungwa Marama ni Wasa, meli ya msaada wa Kadavu.

"Kasa," alinong'ona, midomo imefichwa na kamera. "Wamechora barabara."

"Nimeiona," Narayan akajibu sikioni. "Kazi nadhifu."

"Inatia kinyaa."

"Nyoosha ya tano kidogo. Kile chumba kina dirisha."

Akaigeuza. Akabonyeza testa, akavuta picha karibu.

Dirisha likajaa kwenye kioo kidogo. Ndani, beseni la kuogea, lile la chuma la kizamani. Wanaume watatu wamejifunga vitambaa puani. Mmoja alikuwa anakwangua minofu kwa kikwangulio cha rangi ya ukuta. Kilichokuwa kinadondoka kilikuwa cha kijani. Wa pili alitumbukiza nyama kwenye beseni, akaitoa imekuwa nyeupe kama sabuni. Wa tatu aliibana kwenye boksi jipya, akapiga lebo yenye picha ya kondoo anacheka.

Na kando yao, amekaa juu ya kreti, Grantley Poole alikuwa anakula andazi.

Alikula taratibu. Akajilamba sukari kidoleni. Akaonyesha kwa kidole hichohicho sehemu iliyobaki na kijani.

Salaseini alifumba macho. Ndoo za Waidamu zikarudi. Akayafumbua.

"Umeona, Mzee?"

"Nimeona." Sauti ya Narayan ilikuwa nzito. "Mke wangu amenifungia chapati. Nimemtupia mbwa."

"Basi njooni."

"Bado. Atasema anaisafisha kabla ya kuizika, wakili wake ana mdomo wa asali. Ikiwa ndani ya ghala, ni takataka yake. Ikiingia melini, ni sumu. Nataka boksi likiwa ghalani, nalitaka barabarani, nalitaka melini. Picha moja, bila kukatika. Hakimu amenipa masharti hayo, na polisi wamekaa hapa kwenye Hilux wanasubiri."

Kamera moja tu ingeweza kuona yote matatu. Namba sita, kwenye nguzo ya gati. Kwa sasa ilikuwa inatazama mawingu.

* * *

Mvua ilikuwa imepungua kuwa manyunyu alipoegemeza ngazi kwenye nguzo. Alipanda. Akachomoa waya wa ghala. Akachomeka testa.

"Wewe! Fundi!"

Poole alisimama chini, mwavuli mkononi, sukari bado kwenye masharubu.

"Naam, bwana."

"Hiyo ya mwisho ina nini?"

"Ukungu ndani ya kioo, bwana. Naifungua niikaushe."

"Imezimwa?"

"Ninyi hamwoni kitu mpaka nirudishe waya wenu."

Hilo la mwisho halikuwa uongo.

Poole alinyanyua redio ya mkononi. "Parmesh. Namba sita vipi?"

"Giza, bosi," mlinzi wa chumba cha skrini alijibu. Nyuma yake ilisikika kelele ya mechi ya raga.

Poole akatabasamu. Meno madogo, mengi. "Basi usiharakishe, dada. Fanya taratibu. Kazi nzuri haitaki pupa." Akageuka, akapiga mluzi kuelekea ghalani.

Mlango wa nyuma ukafunguka.

Salaseini alishika shingo ya kamera kwa mkono wa kushoto na kulegeza skrubu kwa wa kulia. Mawingu yakateremka kwenye kioo. Yakaja mabati. Ukaja mlango, matangi, kona ya meli.

"Teremsha kidogo," Narayan akasema. "Kulia. Hapo. Usikaze, nataka uifuate kwa mkono."

Foklifti ikatoka. Maboksi yamepangwa mpaka juu.

"Acha nikushikie, shemeji."

Isikeli alikuwa chini, mikono yake mikubwa imeshika miguu ya ngazi.

"Sakafu inateleza," alisema. "Ukianguka watani wangu watanidai mtu."

"Asante, kaka."

"Umekula?"

"Bado."

"Nimekuwekea. Samaki upande wa kichwa, upate akili."

Foklifti ilizunguka matangi. Kifuani mwa Salaseini, ndani ya kioo kidogo, ilizunguka pia.

"Lebo," Narayan akadai. "Vuta. Sioni lebo."

"Hii skrubu ni kaidi," Salaseini akasema kwa sauti. "Dakika kidogo itakubali." Akavuta picha. Kondoo anayecheka akaja, wazi, meno yote.

"Safi. Usiachie."

"Unaongea na skrubu?" Isikeli akauliza.

"Usipoisemesha haikaziki. Mizigo ile ya wapi?"

"Kadavu." Alisema wepesi. "Msaada. Mama yangu yuko kule, paa la jikoni limekwenda na upepo. Kizee kinapika nje na mwavuli, ukikiambia kije mjini kinakutukana."

Foklifti ilipita kando ya nguzo. Harufu ikapanda nguzo nzima. Salaseini aliuma ulimi. Alimtazama Isikeli. Isikeli alikuwa anapumua kwa mdomo, kwa ustadi, kama mtu aliyezoea.

Alijua.

Mtu mwema huyu, wa mihogo na utani, alijua.

"Shemeji," Isikeli akasema ghafla. Alikuwa ameinua uso. Testa ilikuwa imezunguka kwenye mkanda wake, kioo kikaelekea chini. Aliona foklifti yake mwenyewe ikiwa ndogo kama kiberiti, inatembea. "Si umesema imezimwa?"

Salaseini akaikumbatia nguzo kwa mkono wa kushoto, wa kulia akauhamishia kwenye shingo ya kamera.

"Wewe ndiye uliyezigeuza kamera," Salaseini akasema. Hakuongeza sauti. "Umeijua testa kwa kuitazama tu. Unayo kama yangu."

"Shuka."

"Wanaosha ile nyama kwa klorini, Isikeli. Waidamu wamekufa watoto."

"Wakichemsha vizuri hakuna kitu. Waidamu hawakuchemsha vizuri." Jasho lilikuwa limemtoka. "Shuka, nakuomba."

"Mama yako atakula hiyo?"

"Hii haiendi kijijini kwetu!" Alisema haraka, karibu kwa fahari, kama mtu anayetoa kielelezo cha uungwana wake. "Niliuliza kwanza. Nilimwambia Poole, kijiji changu ukitoe, akakitoa. Ninyi mnafikiri mimi ni mnyama?"

Salaseini aliwahi kukutana na wauaji wa kulipwa. Aliwahi kunywa chai na mtu aliyeuza wasichana. Hakuna aliyemtia kichefuchefu kama huyu, na macho yake ya upole yaliyokuwa yanangoja kueleweka.

"Ndiyo," alisema. "Nafikiri hivyo."

Isikeli akaisukuma ngazi.

Ngazi ikaenda. Salaseini hakwenda nayo. Mkono wa kushoto ulikuwa umekumbatia nguzo, wa kulia ukabaki kwenye shingo ya kamera. Miguu ikaning'inia hewani. Bega likalia. Testa ilimgonga kifuani, waya umekazika, lakini haukuchomoka.

"Mkunga! Picha inayumba!"

"Najua inayumba!"

"Shika! Wamefika ukingoni!"

Aliubana mguu mmoja kwenye nguzo. Akainyoosha kamera. Chini, Isikeli aliinyakua ngazi, akamrushia. Chuma kikampata gotini. Maumivu yakampanda mpaka kwenye meno.

Hakuachia.

Foklifti ilipanda daraja la kupakilia meli. Baharia mmoja akanyoosha mikono. Boksi la kwanza likaingia.

"Limeingia!" Narayan alikuwa anapiga kelele kama yuko uwanjani. "Limeingia! Nendeni, nendeni!"

Salaseini akaachia.

Alimwangukia Isikeli kwa uzito wake wote, buti mbele. Yule mtu akaenda chini, pumzi ikamtoka kwa mlio. Alipotaka kuinuka, spana ilikuwa imeshagusa koo lake.

"Lala hapo, kaka."

Akalala.

* * *

Hilux mbili zilivunja geti. Vibarua walitawanyika. Dereva wa foklifti aliinua mikono kabla hajaambiwa.

Poole alikuwa na kasi kuliko mwili wake ulivyoonyesha. Alitupa mwavuli, akakimbilia chumba cha nyuma na kujifungia.

Salaseini alifika mlangoni akichechemea. Akaupiga kumbo kwa bega lisilouma, kitasa kikaachia.

Harufu ilimpiga kama kofi. Klorini ilimkamua machozi. Sakafu nzima ilikuwa utelezi wa mafuta na kile cha kijani. Poole alikuwa anazibeba lebo kwa mafungu, akizijaza kwenye tanuri dogo la kuchomea karatasi.

"Ziache," Salaseini akasema.

Poole aligeuka. Mkononi alikuwa na kisu cha bucha. "Unajua unamsumbua nani, mwanamke wewe? Nina marafiki mpaka jikoni kwa wakubwa!"

"Waite waje wale."

Akamjia mbio.

Salaseini hakufanya kitu kikubwa. Alisogea hatua moja pembeni.

Viatu vya ngozi vya Brisbane havikutengenezwa kwa sakafu ile. Poole aliteleza urefu wa chumba kizima, kisu kikaruka kivyake, akaingia kwenye beseni kichwa mbele. Maji yakaruka mpaka darini. Aliibuka na mbavu ya kondoo begani na mafuta kwenye nyusi. Akafungua mdomo apige kelele. Kitu kikaingia.

Ndipo Grantley Poole alipotapika.

Alitapika andazi, alitapika chai. Alitapika akiwa amepiga magoti ndani ya beseni, analia, anaomba taulo. Maaskari wawili walifika mlangoni, wakatazama, wakarudi nje kutafuta glavu.

"Mtoeni," Salaseini akawaambia alipopishana nao. "Msimwoshe."

Nje, Narayan alikuwa amesimama ukingoni na nahodha wa Marama ni Wasa. Boksi lilikuwa wazi kati yao. Nahodha, mwanamke wa makamo mwenye mvi fupi, alitazama ndani, akavua kofia, akatema mate baharini.

"Na mchele wangu?" aliuliza. "Dengu zangu? Vimekaa pamoja na uchafu huu?"

"Vilipakiwa jana, upande mwingine," Narayan akamjibu. "Vimekaguliwa."

"Basi nafungua kamba. Watu wana njaa kule."

Isikeli alikuwa amekaa chini karibu na Hilux, pingu mikononi, sulu imelowa tope. Salaseini alipopita, aliinua uso.

"Shemeji." Akasita. "Fundi. Mama yangu haelewi mambo ya mjini. Mwambie ni mambo ya mishahara. Tafadhali."

Salaseini akasimama.

"Nitamwambia ulichouliza kwanza," alisema.

Isikeli aliinamisha kichwa mpaka kikagusa magoti, akaanza kulia kama mtoto. Salaseini aliendelea kutembea.

"Twende hospitali," Narayan alimwambia. "Goti limevimba kama nazi."

"Kazi haijaisha, Mzee."

Aliiokota ngazi. Akaiegemeza kwenye nguzo ya gati, akapanda, pole pole, kidato kimoja kimoja, mguu mmoja ukiburutwa. Kamera namba sita ilikuwa imelala ubavu. Akaisimamisha. Kwenye kioo cha testa akapanga mlango wa ghala, njia, ukingo wa gati, na meli iliyokuwa inageuza pua yake kuelekea baharini. Akakaza skrubu mpaka spana ikakataa. Akachomoa waya wake, akarudisha wa ghala.

Redio ya Poole ilikuwa imeanguka chini ya nguzo. Ikakoroma.

"Bosi?" Parmesh, mlinzi wa skrini, alikuwa ametoka kwenye mechi yake. "Bosi, namba sita imerudi. Mbona naona polisi?"

Salaseini akashuka. Akaiokota.

"Unaona nini kingine?"

"Naona... naona kila kitu."

"Vizuri," alisema. "Kaa hapohapo. Wanapanda ngazi kuja kwako."

Akaiweka redio juu ya kreti, akajitwika ngazi begani, na kutoka getini akichechemea.